Quad au MartinLogan? Spika za umeme tuli kwa sebule za Arusha na Moshi

Mwezi wa nane mwaka jana rafiki yangu wa Shanty Town, Moshi, alikubali tupakie spika zake kwenye Noah. Tulizilaza juu ya godoro, tukazifunika kwa godoro jingine, tukafunga kamba, kisha tukaja nazo Njiro mwendo wa kunyata, tukivuka tuta kwa tuta kuanzia Boma Ng'ombe hadi Usa River. Ni kilomita 80 hivi, na zilituchukua karibu saa tatu. Nilitaka MartinLogan zake zisimame kando ya Quad zangu, chumba kimoja, amplifaya moja, muziki uleule, ili nikiulizwa nijibu kwa nilichosikia.

Tulisikiliza siku mbili. Kabla ya hapo nilishakaa jioni nyingi kwa mzee mmoja wa Rau mwenye Quad za mtindo wa kwanza kabisa, ule wa 1957. Magnepan nilizisikia Nairobi, nyumbani kwa mtu, si dukani. Hizo ndizo ninazolinganisha hapa.

Kwa ambaye hajawahi kuziona: spika ya kawaida ina koni ya karatasi, koili ya waya na sumaku, vyote ndani ya kasha. Spika ya umeme tuli haina koni wala kasha. Ina utando wa plastiki wenye unene wa mikrometa chache tu, mwembamba kuliko unywele, uliotandazwa kati ya mabamba mawili yenye matundu. Utando unachajiwa kwa volti elfu kadhaa, kwa hiyo kila spika ina waya wake wa kwenda kwenye soketi ya ukutani. Muziki unapitishwa kwenye mabamba: moja linavuta, jingine linasukuma, na utando mzima unatembea kwa pamoja. Kwa kuwa hauna uzito wa maana, unaanza papo hapo na kusimama papo hapo. Kidole kikigusa uzi wa gitaa unasikia kwanza ngozi, kisha uzi. Ni hilo linalotufanya tuvumilie shida zake zote, na shida zipo.

Anza na ukuta wa nyuma

Kwetu spika husukumwa mpaka ukutani, huku na huku ya kabati la runinga. Kwa spika ya kasha hilo halina ubaya mkubwa, maana ukuta unaiongezea besi. Kwa hizi mambo yanageuka. Sauti inatoka nyuma kwa nguvu ileile inayotoka mbele, ila kinyume: utando unapousukuma upepo wa mbele, unauvuta wa nyuma. Kwenye besi mawimbi ni marefu, yanazunguka pembeni na kufutana. Ukizibana ukutani yanafutana zaidi, na unabaki na sauti kavu isiyo na tumbo. Watu wengi waliosikia spika hizi wakasema "hazina besi" walizisikia zikiwa zimebanwa hivyo.

Ziache zikae mita 1 kutoka ukuta wa nyuma, na kama nafasi ipo, ongeza. Sebule yangu ni mita 5 kwa 6, na Quad zangu zinasimama mita 1.4 kutoka ukutani, yaani karibu na njia ya kwenda jikoni. Mke wangu aliniuliza mwezi wa kwanza tu, "Baba watoto, hii milango miwili itasimama hapa katikati mpaka lini?" Ni swali la haki. Kabla ya kununua, kata maboksi mawili ya ukubwa wa spika, yasimamishe pale zitakapokaa, na waache watu wa nyumbani waishi nayo wiki nzima. Nani anapita wapi na chai, watoto wanakimbilia wapi, mgeni anakaa wapi. Kama boksi limeangushwa mara tatu, una jibu lako.

Upande una nafuu. Kwenye kingo za spika hizi sauti karibu haipo kabisa, kwa hiyo ukuta wa kushoto na wa kulia unaweza kuwa karibu bila madhara makubwa. Lakini sakafu ya tailizi, ukuta mtupu na dari ya jipsamu vinarudisha kila kitu. Nilitandika zulia zito mbele ya spika, nikaweka rafu ya vitabu nyuma yake, na tofauti ilikuwa kubwa kuliko ya kubadili amplifaya.

Quad ya 1957

Hii ni kazi ya Peter Walker, huko Huntingdon, Uingereza. Ilitoka 1957 na ikaendelea kutengenezwa mpaka 1985. Ni fupi, pana, imeegemea nyuma kidogo juu ya vijiguu vyake. Ndani ina paneli tatu: mbili za besi pembeni, na ya sauti nyembamba katikati. Za besi zinabeba volti 6,000 hivi, ya katikati 1,500 hivi.

Kwa sauti ya mtu mmoja na ala moja sijasikia kinachoishinda. Mzee wa Rau ana santuri za taarabu, na fidla inapoingia nyuma ya mwimbaji unaijua mahali ilipo, unajua na umbali wake. Lakini ukisimama kutoka kitini, sauti nyembamba inabaki kitini. Besi ya chini kabisa haipo, na ukifungua sauti kwa ajili ya ukumbi wa watu kumi imeshachoka.

Tena haina kinga. Kikomo chake ni volti 33 za kilele kutoka kwenye amplifaya. Ukiiunganisha na amplifaya kubwa kisha mtu akazungusha kitufe kwa furaha, cheche inaruka ndani ya paneli ya katikati na kutoboa utando. Nasema hivi kwa uchungu, maana nilikuwepo cheche ya namna hiyo iliporuka, na paneli ya kubadilisha ilibidi itoke Ulaya. Kwa nyumba yenye vijana wanaogusa redio, usiichukue. Kwa mzee au mama anayekaa peke yake na santuri zake jioni, ambaye ana subira ya kuitunza, ichukue.

Quad ESL-63

ESL ni kifupi cha Kiingereza cha spika ya umeme tuli, na namba 63 ni mwaka ambao Walker alianza kuifanyia kazi. Ilifika sokoni 1981, miaka 18 baadaye. Hizi ndizo zangu, kwa hiyo nina upendeleo, lakini nitajaribu kueleza upendeleo huo umetoka wapi.

Tupa kijiwe kwenye ndoo ya maji uone mawimbi yanavyotoka katikati na kupanuka. Ndivyo ESL-63 ilivyopangwa. Bamba limegawanywa katika duara ndani ya duara. Umeme wa muziki unafika duara la katikati kwanza, kisha unacheleweshwa kidogo kabla ya kufika kila duara la nje. Matokeo ni kwamba spika pana ya sentimita 66 inatoa sauti kana kwamba imeanzia kwenye nukta moja, sentimita 30 nyuma ya utando. Sikio linaacha kuiona spika. Kinachobaki ni watu waliosimama chumbani.

Nilimwita mwalimu wa kwaya wa usharika wa jirani, ambaye alikuwa na rekodi ya kwaya yake mwenyewe, iliyochukuliwa kanisani kwa maikrofoni mbili tu, bila kuchezewa.

"Shikamoo mwalimu. Karibu, kaa kiti hiki cha katikati."

"Marahaba mwanangu. Mbona sioni redio?"

Nilimwonyesha zile "milango". Akakaa, akafumba macho. Kwenye ubeti wa pili akainua mkono nisimamishe. "Yule wa sauti ya pili, wa tatu kutoka kushoto," akasema, "anavuta pumzi katikati ya neno. Miaka yote nasikia kitu kinakatika pale, sikujua ni nani." Akaomba turudie, na turudie tena. Alikaa mpaka saa tatu usiku.

Tulipocheza rekodi ileile kwenye MartinLogan, aliwasifu wanawake sana, akasema sauti zao zinang'aa. Kisha akasema wanaume wamekuwa wazito, kama wamesogea nyuma ya pazia. Nitarudi kwenye hilo, kwa sababu lina sababu.

Upungufu wa ESL-63 nao nauorodhesha bila kuficha. Inahitaji nguvu: kipimo cha sauti inayotoa kwa nguvu ndogo ya amplifaya ni desibeli 86, ambacho ni cha chini. Besi yake ni safi, noti za gitaa la besi kwenye dansi la zamani unazihesabu moja moja, lakini hazikupigi kifuani. Singeli na bongo fleva yenye kiki nzito, hapana. Na ugonjwa wake mkubwa ni gundi: paneli zimeunganishwa kwa gundi ambayo kwa miaka inaachia, hasa panapokuwa na joto, na paneli inaanza kuwika kwenye besi kama karatasi. Zote zilizotoka kiwandani mwanzoni mwa miaka ya 1980 zimefika umri huo. Wapo mafundi wa Uingereza, Ujerumani na Uholanzi wanaozijenga upya. Hesabu gharama hiyo kwenye bei tangu siku ya kwanza.

Jambo jema ni kwamba ina kinga. Ikihisi cheche inajifunga yenyewe, sauti inakatika, unapunguza, inarudi. Wadogo zake, 988 na 989 za 1999, kisha 2805 na 2905, na 2812 na 2912, wanafuata wazo lilelile la duara. Kwenye kila jozi ya namba hizo ile kubwa ina paneli mbili za besi zaidi. Mwenye uwezo wa kununua mpya na mwenye chumba kikubwa, aanzie huko.

MartinLogan, ya masafa kamili na chotara

Kampuni hii ya Marekani ilianza Lawrence, Kansas, na jina lake limetokana na majina ya waanzilishi wake wawili, Gayle Martin Sanders na Ron Logan Sutherland. Walichokileta ni utando uliopindwa kama ukingo wa pipa, ili sauti nyembamba isambae kwa upana badala ya kwenda mbele tu kama tochi. Spika yao ya CLS ya 1986 ilikuwa ya umeme tuli kutoka juu mpaka chini, bila wufa, yaani koni ya besi. Ni nzuri mno kwa macho, unaona ukuta kupitia kwake, lakini besi yake ni nyepesi, na inaitesa amplifaya.

Nyingi utakazozikuta leo ni chotara: utando juu, wufa ya kawaida ndani ya kasha chini. Za rafiki yangu ni ElectroMotion ESL. Utando unashughulikia kila kitu kuanzia hezi 500 (mitetemo 500 kwa sekunde) kwenda juu. Chini ya hapo inafanya kazi wufa ya inchi 8. Hapo ndipo jibu la mwalimu wa kwaya lilipo. Hezi 500 iko katikati ya sauti za watu. Besi na tenor wa kwaya wanaishi kwa sehemu kubwa upande wa koni, alto naye anavuka mpaka akipanda tu, na soprano anavuka mara nyingi zaidi kwenda upande wa utando. Koni ni nzito kuliko utando, haiwezi kusimama haraka vile. Ukishausikia ule mshono ni vigumu kuusahau, ingawa wengi hawausikii, na rafiki yangu ni mmoja wao.

Haki yake pia niiseme. Desibeli zake ni 91, tano zaidi ya Quad, maana yake kwa sauti ileile inataka karibu theluthi ya wati. Jumapili mchana, shemeji zangu walipokuja na flashi yao, MartinLogan ndizo zilizoendesha shughuli, kwa besi ya kutosha na bila mtu kuniona nikitoka jasho. Inavumilia kuwa karibu zaidi na ukuta kwa sababu besi inatoka kwenye kasha. Kila spika ina kilo 16 hivi, mtu mmoja anaihamisha. Kwa familia, mimi mwenyewe ningeshauri hii, na nimeshamshauri mdogo wangu wa Sakina hivyo.

Magnepan kwa ufupi

Inafanana kwa umbo, lakini si ya umeme tuli. Inatengenezwa White Bear Lake, Minnesota. Utando wake umebandikwa waya na unasogezwa kwa sumaku. Haihitaji soketi, haina volti elfu, haiogopi unyevunyevu. Inataka amplifaya yenye msuli kwa omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) na nafasi ileile ya nyuma. Kwenye sauti ndogo inalala, inaamka ukifungua. Quad inafanya kinyume, usiku watoto wakiwa wamelala inaongea kila neno. Kama umeme wa mtaa wenu hautabiriki kabisa, Magnepan ni chaguo la busara.

Mwinuko, vumbi na umeme

Sehemu hii hutaikuta kwenye maelezo ya watengenezaji, na kwetu ina uzito kuliko majina yote hapo juu.

Arusha mjini iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ina kanieneo la takriban asilimia 85 ya lile la pwani. Hewa ndiyo inayozuia cheche kati ya utando na mabamba; ikiwa nyepesi, cheche inaruka kwa volti ndogo zaidi. Kwa hiyo spika inayohimili sauti fulani Tanga au Dar es Salaam itafika kikomo mapema zaidi Njiro. Moshi, iliyo chini ya mita 1,000, ina nafuu kidogo. Usinunue spika hizi huku ukipanga kuzitumia ukingoni mwa uwezo wake. Kwa ESL-63 kwangu, kinga ilifunga mara mbili kwenye miezi ya kwanza, na baada ya hapo nilijua kitufe kisivuke wapi.

Moshi nayo ina lake. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, joto na unyevunyevu vinakutana. Vumbi lililokaa kwenye utando likinyonya unyevu, chaji inavuja: unasikia mchirizo kama mafuta ya moto, au upande mmoja unafifia taratibu mpaka unadhani masikio yana tatizo. Volti ile inavuta vumbi kama taulo mpya inavyovuta nyuzi, na vumbi letu la kiangazi linapita kwenye wavu wa dirisha bila kubisha hodi. Quad zina utando wa pili wa nje wa kuzuia vumbi, ukitoboka, usisubiri. MartinLogan hazina, lakini unaweza kuzisafisha kwa mashine ya kuvuta vumbi yenye brashi laini, baada ya kuzichomoa na kuziacha saa nyingi chaji iishe. Mimi nazifunika kwa kitenge kila usiku zikiwa zimezimwa, na hakuna anayefagia sebule kabla hazijafunikwa.

Umeme wenyewe zinakula kidogo mno, hutauona kwenye LUKU. Hatari ni pale umeme unaporudi kwa kishindo. Weka kifaa kile kile cha kulinda friji, kinachosubiri dakika chache kabla ya kuachia. Za mtumba kutoka Marekani ni za volti 120, za Japani 100. Ukizichomeka kwenye 230 zetu umeziua. Na usifungue mgongo wa spika hizi kwa bisibisi eti umezichomoa. Chaji inabaki. Fundi redio mzuri anaweza kuwa hajawahi kukutana na volti 5,000, mwambie kabla hajagusa.

Amplifaya sitaiongelea sana. Spika hizi kwa umeme ni kama kapasita: kadiri sauti inavyokuwa nyembamba ndivyo ukinzani unavyoshuka. ElectroMotion inafika omu 1.6 kwenye kilohezi 20, na ile ya 1957 nayo inashuka chini ya 2. Redio za sabufa na zile za sinema ya nyumbani huchemka na kujizima. Chukua amplifaya ya stirio ya kweli, ambayo imethibitika kwenye mzigo mgumu.

Ukienda kuziona za mtumba

Mwombe muuzaji azichomeke jana yake usiku, maana utando unachukua muda kujaa chaji, na spika iliyowashwa sasa hivi inadanganya. Zima amplifaya, sogeza sikio karibu, sikiliza dakika tano kimya: usisikie mchirizo wala mlio wa tik tik. Halafu cheza sauti ya mtu mmoja, rekodi ya mono, yaani yenye sauti ileile kushoto na kulia. Ikae katikati kabisa. Ikivutwa upande mmoja, ule mwingine umepoteza nguvu. Badilisha waya za kushoto na kulia kwenye amplifaya. Kama sauti imebaki kulala upande uleule, tatizo ni spika. Mwisho piga noti ndefu ya besi, kinanda cha kanisa kinafaa, upandishe pole pole ukisikiliza kuwika kwa gundi iliyoachia. Nilipozinunua zangu sikufanya hili la mwisho, na paneli moja ya kushoto nililazimika kuijenga upya ndani ya mwaka.